Siku tano Kigoma: kuonja retreti kabla ya siku yake

Katika makanisa yetu ya mashariki neno "retreti" lina maana mbili. Kwa vijana na wanakwaya ni siku za maombi mbali na nyumbani. Kwa watu wa umri wetu ni siku ile barua inapofika kusema kwamba kazi imekwisha. Retreti ya kwanza tunaitangaza ibadani, tunaichangia, tunaiandalia chakula. Ya pili tunaiogopa, na wengi hatupendi hata kuitaja.

Makala hii ni juu ya retreti ya pili, yaani kustaafu, na juu ya njia ndogo ya kuionja kabla haijafika: mume na mke kutoka nje ya nchi kwa siku chache kupumzika, bila harusi, bila matanga, bila semina na bila biashara. Sisi tunaoandika ni mume na mke wa Kalemie. Mmoja wetu ni mwalimu, mwingine ni muuguzi. Tumebakiza miaka mitatu hivi. Tulivuka ziwa, tukakaa Kigoma siku tano, tukarudi. Tunaeleza hapa tulivyofanya na tulichokiona, ili na wengine wapime kama kinawafaa.

Sheria inasema nini

Tuanze na sheria, kwa sababu watu wengi wanaisikia kwa mbali tu. Mfanyakazi wa kampuni au shirika aliyeandikishwa katika Caisse Nationale de Sécurité Sociale, tunayoijua kwa jina la CNSS, anafikia umri wa kustaafu akiwa na miaka 60, kwa sheria ya Julai 2016. Kila mwezi asilimia 5 ya mshahara wake inakatwa kwa ajili ya pensheni, na mwajiri anaongeza asilimia 5 yake. Mtumishi wa serikali anaangaliwa na sheria nyingine ya mwezi uleule: miaka 65 ya umri, au miaka 35 ya kazi. Makanisani, kila jumuiya ina kanuni zake, na kuna mahali ambapo hakuna kanuni iliyoandikwa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kila mmoja ni kwenda kuuliza: je, nimeandikishwa? Namba yangu iko wapi? Michango ililipwa kweli, au ilikatwa tu kwenye mshahara? Ni afadhali kuuliza ukiwa na miaka 50, wakati bado unaweza kutafuta karatasi na mashahidi, kuliko kuuliza ukiwa na miaka 60.

Lakini hata pale karatasi zote zikiwa sawa, sheria haijibu swali la Jumatatu asubuhi. Utaamka, utaoga, utavaa, kisha uende wapi? Na yule mliyeoana naye miaka thelathini iliyopita, mtakaa naye kutwa nzima mkisema nini? Mambo haya hayaandikwi kwenye barua ya CNSS, nayo ndiyo yanayovunja watu.

Walawi nao walikuwa na siku ya kuacha

Wengine watasema kustaafu ni jambo la Wazungu, na kwamba mtumishi wa Mungu anafia kazini. Tusome Kitabu cha Hesabu, mwisho wa sura ya 8. Walawi waliingia katika kazi ya hema wakiwa na miaka 25, na walipofikia 50 waliacha kazi ile nzito. Hawakufukuzwa. Waliruhusiwa kubaki na ndugu zao na kuwasaidia kulinda, lakini mzigo haukuwa wao tena.

Hapo tunaona mambo mawili. Kwanza, siku ya kuacha ilijulikana tangu siku ya kuanza. Haikuwa adhabu wala aibu. Pili, mtu alibadilishiwa kazi, hakutupwa. Aliyebeba akawa msaidizi wa wanaobeba. Badiliko hilo ni gumu kwa mtu aliyezoea kubeba, na ndiyo sababu linahitaji mazoezi. Mtu asiyeweza kukaa siku tano bila darasa, bila wagonjwa au bila mimbari, atakaaje miaka kumi na mitano?

Kwa nini kuvuka mpaka

Mtu anaweza kuuliza: kama ni kupumzika tu, si mbaki nyumbani? Au mwende kijijini? Tulijaribu kufikiri hivyo, lakini kila mmoja wetu anajua likizo ya nyumbani inavyokuwa. Mwalimu akiwa nyumbani, wazazi wa wanafunzi wanagonga. Muuguzi akiwa nyumbani, jirani anamletea mtoto mwenye homa saa nne za usiku. Kijijini ni zaidi: kuna kesi ya shamba inayokusubiri, kuna mahari ya mtoto wa kaka, kuna paa la shangazi linalovuja. Ni mambo mema, ila si mapumziko.

Nje ya nchi hakuna anayekujua. Hakuna mwenye haki ya kukugongea mlango. Kwa siku tano unakuwa mtu asiye na kazi wala cheo, na hiyo ndiyo hali ya mstaafu. Ndiyo maana tunasema ni kuonja: kijiko kimoja, si sahani nzima.

Tulichagua Kigoma kwa sababu ni karibu, lugha ni ileile, na bei haziko juu sana. Kalemie na Kigoma ziko mshazari, kila moja upande wake wa Ziwa Tanganyika, kama kilomita 120 hivi. Njia hii ni ya zamani. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Reli ya Wabelgiji kutoka Kabalo ilifika Kalemie, wakati ule Albertville, mwaka 1915. Tangu hapo mizigo na watu havijaacha kuvuka.

Lakini kulikuwa na sababu nyingine. Kwa wengi wetu Kigoma si jina la mapumziko, ni jina la kukimbia. Vita vilipofika Kalemie mwaka 1998, sisi wenyewe tulivuka ziwa hilihili usiku, mtoto mgongoni, tusijue kama tutafika. Na katika mkoa huohuo iko kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani, ambamo ndugu zetu wengi wanaishi mpaka leo. Tulitaka, kabla ya kuzeeka, kuvuka mara moja bila kufukuzwa na mtu. Tulipanda chombo jioni na tiketi mkononi, tukafika asubuhi, tukashuka tukitembea polepole.

Mambo ya kutayarisha

Kwa wale watakaotaka kwenda, haya ndiyo tuliyoyaangalia.

Hati za kusafiria: ulizeni mapema ofisi ya DGM mahali mlipo, kwa maana masharti na ada hubadilika. Msisikilize watu wa bandarini tu. Kila mtu awe na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Anayetoka Kongo anaulizwa kadi hiyo.

Ziwa: kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa upepo wa kusini huwa na nguvu na mawimbi hupanda. Waulizeni wavuvi kabla ya kukata tiketi. Chombo kisicho na majaketi ya kuokoa watu, au kilichojaa kupita kiasi, kiacheni kiende. Siku moja ya kungoja si hasara.

Saa: Kigoma iko mbele ya Kalemie kwa saa moja. Barabarani magari ya Tanzania yanapita upande wa kushoto, kwa hiyo mnapovuka tazameni kwanza kulia. Mifuko ya plastiki imekatazwa huko tangu Juni 2019. Fungeni vitu vyenu katika mifuko ya nguo. Na dola ziwe safi, zisizochanika.

Mambo matatu tuliyoyaona

La kwanza ni saa. Asubuhi ya pili tuliamka sote wawili saa kumi na mbili ya Kigoma, ambayo kwa Kalemie ni saa kumi na moja, saa yetu ya kazi. Ilipofika saa mbili tulikuwa tumeomba, tumeoga, tumekunywa chai, na siku nzima ilikuwa mbele yetu kama uwanja mtupu. Mwalimu akaanza kupanga viti vya uani kwa mistari. Muuguzi akamaliza asubuhi akimshauri mama mwenye nyumba ya wageni juu ya mguu wake uliovimba. Tulicheka, lakini tulielewa: mwili unaendelea kwenda kazini hata kazi ikiwa haipo. Siku ya tatu ndipo tulipoanza kutulia. Tulikaa ufukweni tukiangalia wanawake wakianika samaki wadogo ambao sisi tunawaita ndakala na wao wanawaita dagaa. Hatukuangalia saa mpaka njaa ilipotuambia. Kama siku tatu zinahitajika kutulia kidogo tu, basi mwaka wa kwanza wa retreti utakuwa mrefu, na ni vizuri kulijua hilo mapema.

La pili ni jina. Kalemie mmoja wetu ni "Mwalimu" na mwingine ni "Mama Muganga" kila anapopita. Kigoma tulikuwa Baba na Mama kama mgeni yeyote. Siku ya Bwana tuliingia katika kanisa moja, tukasimama na wageni wengine kusema tunatoka wapi, tukakaa nyuma. Hakuna aliyetuita mbele, na hakuna aliyetuuliza shauri. Yule ambaye nyumbani ni mzee wa kanisa alikiri kwamba viti vya nyuma ni vigumu. Mstaafu anakutana na hali hii kila siku: watu hawajaacha kumheshimu, ila hawamhitaji kwa namna ileile. Anayejua thamani yake haitoki kwenye cheo atapita. Asiyejua atang'ang'ania kiti mpaka watu wamchoke.

La tatu ni mazungumzo. Nyumbani tunaongea kila siku, lakini juu ya karo, chumvi, maji na wagonjwa. Siku ya tatu jioni, baada ya kula migebuka na ugali, ambao sisi tunauita bukari, mmoja akasema: "Mama, tukistaafu tutarudi kijijini, tutalima." Mwingine akanyamaza kwanza, kisha akajibu: "Baba, na mimi ni nani aliyeniuliza?"

Ilibainika kwamba miaka yote hiyo kila mmoja alikuwa na uzee wake kichwani. Mmoja alikuwa anawaza shamba, mihogo na kimya. Mwingine alikuwa anawaza kubaki mjini, karibu na hospitali na wajukuu, na kuwafundisha wauguzi wasichana jioni. Hatukulimaliza neno lile usiku ule, na hata sasa halijaisha. Lakini tumekubaliana jambo moja: kwa miaka hii mitatu tutakodi kipande cha shamba karibu na mto Lukuga, si mbali na mji, tulilime Jumamosi. Miaka ikiisha tutajua kama shamba ni wito au ni ndoto ya mtu aliyechoka na chaki. Kama neno hilo lingetokea siku ya kupokea barua, ingekuwa ugomvi. Miaka mitatu kabla, ni shauri la watu wawili.

Kesho yake tulikwenda Ujiji, kilomita chache tu kutoka mjini. Kuna jumba la kumbukumbu mahali ambapo Livingstone alikutana na Stanley mwaka 1871. Kwa sisi wa ng'ambo hii Ujiji ina habari nyingine nzito zaidi. Misafara ya watumwa na pembe kutoka Manyema, huku kwetu, ilivushwa ziwa na kushukia pale, kisha ikatembezwa mpaka pwani. Mpaka leo kuna wenyeji wa Ujiji wanaojiita Wamanyema. Tulikaa chini ya miembe muda mrefu, na hakuna aliyetuharakisha. Tulifikiri juu ya watu waliovuka maji haya bila kuchagua, na juu ya neema ya mtu anayeweza kuchagua siku ya kwenda na siku ya kurudi.

Fedha, na fundisho lake

Safari hii hatukuikopea. Katika AVEC yetu tuliweka dola 20 kila mwezi kwa miezi 14, jumla dola 280. Kwa mishahara ya kwetu si kidogo, na ndiyo maana ilichukua zaidi ya mwaka. Tuligawanya kabla ya kuondoka: chombo, hati, chumba, chakula, na akiba ambayo haiguswi isipokuwa ugonjwa.

Watu wengi walituuliza tutaleta mzigo gani, kwa maana Kigoma kwa mtu wa Kalemie ni soko. Tulikataa kufanya biashara safari hii, kwa sababu mwenye mzigo hapumziki, anahesabu. Na tulitaka kupima jambo jingine: je, tunaweza kuishi kwa kiasi kilichopangwa, bila kitu kingine kuingia? Pensheni inafanana na hivyo. Hakuna zamu ya ziada, hakuna mzazi anayeleta kuku wa shukrani.

Siku ya nne tulipaswa kuchagua. Kaskazini mwa Kigoma iko Hifadhi ya Gombe, ambako Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe mwaka 1960, na ambayo ni hifadhi ya taifa tangu 1968. Kwenda huko kunahitaji mashua, kiingilio na mtu wa kuongoza. Tulihesabu, tukaona tukienda tutagusa akiba. Hatukwenda. Mmoja wetu alisikitika kweli, na tulilizungumza. Katika retreti kutakuwa na Gombe nyingi za namna hiyo, na ni afadhali mume na mke wajue mapema jinsi wanavyoambiana "hapana" bila kulaumiana.

Kanisa nalo linapimwa

Kuna ndugu watakaosema: nchi ina vita, watu wamelala katika kambi, na ninyi mnaandika juu ya mapumziko? Swali hilo ni la haki. Hatusemi kila mtu aende, wala hatusemi fedha ya msaada iguswe. Anayelisha wakimbizi nyumbani kwake hana deni la safari kwa mtu. Lakini tumeona watumishi waliochoka wakitumikia vibaya, wakiwafokea wagonjwa na waumini, kwa sababu kwa miaka ishirini hakuna aliyewaambia wakae chini. Anayewahudumia watu wa vita anahitaji pumziko zaidi, si kidogo.

Kuna faida nyingine ambayo hatukuitazamia. Tulipoondoka, ufunguo wa ghala la kanisa tulimwachia shemasi kijana. Kwa siku tano simu haikulia hata mara moja juu ya ghala. Mmoja wetu ilimchoma kidogo moyoni. Tuliporudi kila kitu kilikuwa mahali pake, na daftari limeandikwa vizuri kuliko letu. Kwa hiyo siku tano za mzee kutokuwepo zinalionyesha kanisa nani anaweza kubeba, nazo zinamwonyesha mzee kwamba kazi ya Mungu haikuanza naye.

Hili linawagusa wachungaji zaidi. Wengi wanakaa katika nyumba ya kanisa. Wakistaafu hawana pa kulala, ndipo wanaogopa kuacha. Safari ya siku tano haijengi nyumba. Lakini inawapa mchungaji na mama mchungaji nafasi ya kuulizana wazi: tutakaa wapi, na kwa nini? Wakirudi na jibu, ushirika unaweza kuanza kusaidia mapema, tofali kwa tofali, badala ya kuchangishana kwa haraka siku ya kuaga. Tunaliomba kila baraza la wazee lifikiri juu ya kuwapa mchungaji na mkewe siku tano kwa mwaka zisizo na mkutano wala mahubiri, na kumpa kijana mimbari kwa Jumapili moja.

Wasioweza kuvuka mpaka

Safari ya nje si sharti. Walio mbali na mpaka, au wasio na uwezo, wanaweza kupata siku tatu katika mji mwingine wenye usalama, mahali wasipojulikana. Mjane au aliyefiwa na mke anaweza kwenda na ndugu au rafiki wa umri wake, kwa maana naye atastaafu na watu fulani karibu yake. Kinachotakiwa ni vitu vitatu tu: kutoka mahali pa kazi, kuacha kazi mikononi mwa mwingine kwa kweli, na kuishi kwa kiasi kilichopangwa.

Mkirudi, kaeni siku moja mjibu maswali haya kwa maandishi, kila mmoja peke yake, kisha msomeane. Siku ya ngapi mlianza kutulia? Nani hakuweza kuacha simu? Mlipenda kufanya nini ambacho hakuna aliyewaamuru? Kila mmoja anataka kuzeekea wapi? Na nyumbani, nani alishika kazi yenu vizuri mlipokuwa hampo? Huyo wa mwisho mwandikeni jina lake, mwanzeni kumfundisha mwaka huu.

Mungu awajalie miaka ya mwisho ya kazi yenye nguvu, na miaka ya kwanza ya pumziko isiyo na hofu.